Msosi wa Kifilipino Dubai: Jollibee au vimgahawa vya Satwa?
Wadau mlioko Dubai, Wafilipino wako wengi sana huku na misosi yao iko kila kona, swali ni ukale wapi.

Jollibee, ile migahawa ya fast food ya Kifilipino, ni fasta na pasafi, ilianza 1975 kule kwao kama duka la aiskrimu, leo ina matawi nchi kibao. Kuku wao wa kukaanga yuko poa, mkavu nje laini ndani, anakuja na wali na mchuzi mzito. Watoto wanapapenda. Ila spageti yao ina sukari na vipande vya soseji, mimi hapana.

Sasa vimgahawa vya Satwa na Karama, mitaa ya hapa Dubai, ndo kwenyewe, na mimi hela yangu huwa inaenda huko. Vyakula vimepangwa nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa na wali wako. Kuna sinigang, supu chachu ya ukwaju, ukiipata ya samaki mtu wa pwani unajisikia nyumbani kabisa, kuna adobo ya kuku wa siki na soya sosi na vitunguu saumu, halafu kuna kare-kare, mkia wa ng'ombe kwenye rojo la karanga, pembeni wanakuwekea uduvi uliochachushwa kwa chumvi, onja kidogo kwanza maana ni mkali balaa.

Kwa Waislamu, sisig, yaani nyama iliyokatwakatwa na kukaangwa, ya asili ni nguruwe, huku wengi wanapika ya kuku lakini muulize dada anayepakua kabla hujaagiza, hawakasiriki.