Kliniki ya punda Lamu, mpeleke mapema

Kama una punda hapa Amu, iwe mjini, Shela au Matondoni, mpeleke kliniki ya Donkey Sanctuary pale mbele ya bahari na usingoje mpaka alale chini. Matibabu ni bure, yani bure kabisa.

Wangu alikua na kidonda mgongoni pale soji, yani tandiko la mizigo, inapokaa, ni ile kubeba mchanga na simiti za mashuani kila siku, duka moja la dawa wakanipa unga wa kunyunyizia kidonda kikazidi kunuka. Kliniki daktari alimnyoa manyoya pembeni ya kidonda kwanza, akaosha polepole mpaka nyama nyekundu ikaonekana, alafu akaigeuza soji yenyewe akanionesha mshono uliokua unamchuna, akasema usiporekebisha hapa dawa ni kazi bure. Na hakunifokea. Hilo nimelipenda sana, manake ukimfokea mwenye punda kesho hamleti tena na anayeumia ni mnyama.

Watu huuliza pesa zatoka wapi. Ni shirika la Uingereza, lilianzishwa 1969 na mama mmoja Elisabeth Svendsen, hapa Lamu wako tangu 1987, na linaendeshwa kwa michango ya watu na mali ambazo wengine wameliandikia kwenye wosia. Kuna wenzetu husema hawa wanajali punda kuliko binadamu, mimi sikubali hata kidogo, huku punda ndo lori letu, akiumwa yeye jiko la mtu haliwaki.

Alafu hawakuishia kwenye dawa za minyoo na kukata kwato. Vichinjio vya punda vilipofunguliwa Kenya, ngozi ziende China kuchemshwa ejiao, dawa ya kienyeji ya huko, punda wakawa wanaibwa usiku huko bara, hawa walikua kati ya waliopiga kelele, serikali ikapiga marufuku 2020, korti ikatengua mwaka uliofuata, wakaendelea tu, mpaka Umoja wa Afrika 2024 ukakataza biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Sensa ya 2009 Kenya ilikua na punda kama milioni 1.8, ya 2019 wamebaki kama milioni 1.2, jamani wangenyamaza vipi?

Ushauri wangu mmoja, ukiona amekataa chakula na anageukageukia tumbo mkimbize saa hiyo hiyo, punda wetu wanakula plastiki za jalalani na tumbo likishafunga kumuokoa ni kazi.