Kisanduku cha dawa chenye kufuli na kengele: tathmini yangu baada ya kukitumia kwa mama

Kwa anayetaka jibu la haraka: kama mzazi wako ana dimenshia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kama inavyotokea kwa Alzheimer), anameza dawa nyingi, na akisikia kengele bado anaweza kuinuka na kuifuata, kinunue. Kama kengele inalia na yeye haihusishi tena na chochote, kiache, na fedha hiyo mlipe mtu wa kumpa dawa mkononi.

Chombo chenyewe ni cha mviringo, kama sahani nene yenye mfuniko. Ndani kuna gurudumu lenye vyumba 28. Unajaza vidonge, unapanga saa, unafunga kwa ufunguo. Muda ukifika gurudumu linasogea chumba kimoja, kengele inalia, taa inawaka, na tundu moja tu linakuwa wazi. Mgonjwa anakiinua na kukipindua, vidonge vinamdondokea kiganjani, kengele inanyamaza. Vilivyobaki havifikii. Kwa anayemeza mara moja kwa siku, ukikijaza kinafika wiki nne. Mara mbili, wiki mbili. Mara nne, wiki moja. Kampuni zinazovitengeneza ni kadhaa na umbo halitofautiani sana. Vingine hutuma ujumbe kwenye simu dozi ikipitwa, na chetu ni cha aina hiyo.

Mama ana Alzheimer, kisukari na presha, na moyo wake unafuatiliwa pia. Kabla ya hiki tulikuwa na kile cha plastiki cha siku saba, chenye vifuniko vilivyoandikwa Jumatatu hadi Jumapili. Kwa mtu mwenye kumbukumbu nzima kinatosha kabisa. Kwa mama hakikutosha, na si kwa sababu ambayo wengi wangeitarajia. Watu hudhani mgonjwa wa dimenshia atasahau kumeza. Mama hakusahau. Mazoea ya miaka mingi ya kumeza dawa asubuhi amebaki nayo. Kilichopotea ni kumbukumbu ya muda mfupi uliopita. Anameza, anakaa, anaona kisanduku mezani, anakumbuka kwamba yeye ni mtu wa dawa, anafungua Jumanne. Kisha Jumatano.

Zipo dawa ambazo dozi ya ziada haileti madhara makubwa. Za kisukari za kundi la glibenclamide hazimo humo. Zinailazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na kwa mzee ambaye figo zake zimedhoofika nguvu yake hukaa mwilini muda mrefu. Sukari ikishuka, mzee anachanganyikiwa, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali. Kwa mama mwenye Alzheimer hayo yote yanaonekana kuwa ugonjwa umezidi. Siku moja sisi ndugu tulikuwa kwenye simu tukijadili hali yake ilivyoporomoka, na muuguzi aliyekuja nyumbani akampima sukari kabla hata ya kutusikiliza. Ilikuwa chini mno. Daktari akabadilisha ile dawa, nami nikaanza kutafuta kitu chenye kufuli.

Faida ya kufuli niliitarajia. Faida ya kengele sikuifikiria kabisa. Zamani kila asubuhi ilianza na swali: "Mama, umemeza dawa?" Naye anajibu kwa moyo mweupe, "Nimemeza," maana ndivyo anavyojua. Ukirudia kuuliza, anaumia. "Mnanifanya mtoto mdogo." Kaka anayekaa naye ndiye aliyekuwa akiyapokea maneno hayo, na akitupigia simu nasi tunamuuliza yaleyale: una uhakika amemeza? Sasa hakuna anayemuuliza mama chochote. Kengele inalia, anasema "kinaniita," anakwenda. Hajawahi kugombana nacho. Kaka ananiambia kwamba siku hizi asubuhi wanaongea mambo mengine, na kwangu mimi hilo pekee linatosha kulipia kifaa.

Lipo jambo jingine ambalo karatasi ya maelezo haikulitaja. Ili kulijaza gurudumu lazima dawa zote ziwe mezani kwa wakati mmoja, pamoja na orodha moja. Mama anaonwa na daktari wa moyo, wa kisukari na wa kumbukumbu, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Mara ya kwanza nilizichukua dawa zote ndani ya mfuko nikampelekea mfamasia anisaidie kupanga. Akazitazama, akaweka mbili kando. Moja ilikuwa donepezil, ya kumbukumbu, ambayo huongeza kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini. Nyingine ilikuwa oxybutynin, ya kuzuia mkojo usitoke ovyo, na kazi yake ni kuzuia kemikali hiyohiyo isifanye kazi. Zaidi ya hapo, dawa za aina hiyo ya pili zenyewe zinaweza kumchanganya mzee akili. Aliandika barua kwa daktari, na ile ya mkojo ikaondolewa. Alieleza pia kwamba donepezil inaweza kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari wa moyo naye anapaswa kujua kwamba mama anaimeza. Tangu siku hiyo orodha ni moja, ina tarehe juu, na mwenye kuibadilisha ni mimi peke yangu. Ndugu wengine wanatumiwa nakala.

Usidhani kila dawa itaingia humo. Insulini haiingii, wala matone ya macho. Kuna vidonge ambavyo lazima vibaki kwenye chupa au karatasi yake kwa sababu hewa au unyevu unaviharibu. Dabigatran ya kuzuia damu kuganda ni mfano mmoja, na nitroglycerin ya kuweka chini ya ulimi ni mwingine. Dawa za maumivu za kumeza inapohitajika hazina saa, kwa hiyo nazo zinakaa nje, kabatini. Na kama mzazi anatumia plasta ya kubandika ngozini, kama rivastigmine ya kumbukumbu, hiyo inataka macho ya mtu: ya jana itolewe kabla ya kubandika ya leo, na sehemu ileile ya ngozi isirudiwe kwa siku 14. Plasta mbili mwilini kwa pamoja ni hatari kweli.

Kasoro zake. Kengele ya chetu ina sauti nyembamba na ya juu, na sauti za juu ndizo masikio ya uzeeni hupoteza kwanza. Akiwa chumba kingine mama haisikii. Tulikihamishia karibu na kiti chake na mambo yakatengemaa, lakini mtengenezaji wa kifaa cha wazee alipaswa kulijua hilo. Ufunguo ni mdogo na kufuli si la kutisha. Mwenye kisu na nia atalifungua.

Kubwa zaidi: kifaa kinajua kimepinduliwa, hakijui kama vidonge vimefika tumboni. Kaka amewahi kuvikuta chini ya mto wa kiti huku simu zetu zikituambia kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo mtu wa kumwona akimeza bado anahitajika, na tangazo lolote linalokuambia unaweza kumwacha mzazi peke yake na mashine linakudanganya.

Pia daktari akibadilisha dozi katikati, inabidi ufungue kila chumba kilichobaki na kuchambua kidonge kimoja kimoja. Presha ya mama hubadilishiwa dawa mara kwa mara, hivyo tunajaza wiki moja tu ingawa nafasi ya mbili ipo. Na ule ujumbe wa simu, amueni mapema unakwenda kwa nani kwanza na nani anafuata asipojibu. Ukitumwa kwa ndugu wote kwa pamoja, kila mmoja anaamini mwenzake ameshapiga simu.

Utafika wakati mama atapata shida ya kumeza, maana ugonjwa huu hufika huko. Hapo gurudumu halitakuwa na kazi tena, na jambo la kumuuliza mfamasia litakuwa ni dawa gani zipo za maji. Vile vidonge vinavyotoa dawa polepole havisagwi hata kidogo, kwa sababu ukivisaga dozi ya siku nzima inaingia mwilini kwa mara moja.

Ukishakinunua, usikijaze siku hiyohiyo. Kipange saa, kiache kikiwa kitupu, kilie kwa siku kadhaa mtu akiwa amekaa karibu naye bila kumwelekeza. Akikifuata, jaza. Asipokifuata, kirudishe dukani kikiwa bado kipya.