Redio ya Biblia Inayotumia Jua: Maoni Baada ya Miezi Tisa Nyumbani kwa Mama

Mama yangu anaishi Tukuyu, wilayani Rungwe, na kwa miaka yote ninayoikumbuka ameianza siku yake kwa Biblia na kikombe cha chai, kabla hajazungumza na mtu yeyote. Presha ya macho ilipofika mahali ambapo hata Biblia ya maandishi makubwa haikumfaa tena, nilitazamia alalamikie mambo ya kawaida, kama kushindwa kuchambua mchele au kutomtambua mgeni aliyesimama mlangoni. Alichoniambia ni hiki: "Mwanangu, mimi nimezoea Bwana aanze kusema, ndipo nami nimjibu. Sasa naanza mimi, na maneno yananiishia upesi." Kwa ajili ya maneno hayo nilikwenda Mbeya mjini, nikaingia katika duka moja la vitabu vya Kikristo, nikanunua kwa shilingi 65,000 kile ambacho watu wengi wanakiita redio ya Biblia.

Inaitwa redio kwa mazoea tu, kwa maana hainasi kituo chochote. Ni kifaa chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, spika ikiwa mbele, paneli ndogo ya sola mgongoni, na tundu la chaja ubavuni. Ndani yake imo Biblia nzima ya Kiswahili iliyosomwa kwa sauti, vitabu 66 na sura zote 1,189, na zaidi ya hapo hakina kingine ila tochi. Tafsiri iliyomo ni Union Version, ile iliyotolewa mwaka 1952 na ambayo makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki bado yanaisoma ibadani. Kwa mama jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Mistari aliyoikariri tangu darasa la kipaimara imo katika maneno hayo hayo, na mara ya kwanza msomaji alipofika penye mstari anaoujua, midomo yake ilitangulia spika.

Sauti ni safi na kubwa ya kutosha kusikika chumba kizima hata mvua ikipiga bati, na wanaoijua mvua ya Rungwe wataelewa kwamba hilo si sifa ndogo. Agano la Kale limesomwa na mtu mmoja, mzee kwa sauti, asiye na haraka, anayetua penye vituo. Agano Jipya limeandaliwa kwa namna nyingine: kila mhusika ana sauti yake, na chini yake kuna muziki, upepo, mawimbi na kelele za umati. Wapo watakaolipenda hilo, hasa watoto, na wajukuu wanapokuja likizo huomba wasikie tufani ya ziwani. Mimi naona kwamba kwa mtu anayetaka kusikia ili aombe, muziki unamtangulia. Unamwambia hapa lia, hapa ogopa, kabla neno lenyewe halijapata nafasi ya kumgusa. Yesu anaposema na mwanamke kisimani, sihitaji kinanda. Mama amelizoea, lakini mpaka leo anasema mzee wa Agano la Kale ndiye anayesoma "kama anayeamini".

Uendeshaji wake unahitaji subira. Kuna vitufe viwili vya kuchagua kitabu, viwili vya kusogeza sura, na kimoja katikati cha kuanzisha na kusimamisha. Ukikibonyeza kitufe cha sura kwa muda mrefu, kinaruka sura kumi. Siku mama alipoitaka Zaburi ya 139, nilibonyeza mara 13 kwa kushikilia na mara 8 kwa kugusa, na ilipofika hatimaye, "Ee BWANA, umenichunguza na kunijua", nilikuwa nimechoka kidole. Hakuna njia ya kutafuta mstari. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba ukikizima kabisa, kinakumbuka sura lakini hakikumbuki mstari, kwa hiyo ukikiwasha tena kinaanza sura upya. Katika sura fupi hilo halisumbui. Katika Zaburi ya 119, yenye mistari 176, lilimrudisha mama mwanzo mara mbili kwa siku moja, na waliokitengeneza wangepaswa kulifikiria, kwa sababu wanaokihitaji zaidi ni wazee na wasioona.

Lakini jambo ninalotaka hasa kulieleza ni matumizi, kwa sababu katika majuma matatu ya kwanza tulikitumia vibaya, na nilikuwa karibu kuandika kwamba hakifai.

Tulikiacha kikisoma. Kiliwashwa asubuhi, kikaendelea wakati wa kumenya ndizi, wakati wa kuosha vyombo, wakati majirani wanapita na kusalimia. Mwanzo ikaisha, Kutoka ikaanza, na nyumba nzima ilijaa Neno la Mungu bila mtu yeyote kulisikiliza. Siku moja nilimuuliza mama wamefika wapi, akanijibu kwamba hajui, ila sauti inamfariji. Sidharau faraja hiyo. Mjane anayekaa peke yake hadi jioni anahitaji sauti ya mtu nyumbani. Hata hivyo haikuwa ile aliyoililia mwanzoni. Yeye alitaka kusemeshwa ili ajibu, nasi tulikuwa tumempa mtu anayesema mfululizo bila kutua. Hata kati ya watu, anayeongea bila kumwachia mwenzake nafasi hatuwezi kusema tumezungumza naye.

Ndipo nikabandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya kitufe cha katikati, ili kidole chake kikipate bila macho, na tukakubaliana utaratibu: sura moja, kisha kusimamisha. Baada ya hapo kimya, kwa muda wowote anaoutaka. Kisha anamjibu Mungu kwa yale aliyoyasikia, na akitaka sura ya pili anabonyeza tena. Asubuhi ni sura mbili za Agano la Kale kwa mfuatano, jioni moja ya Agano Jipya. Tangu siku hiyo kifaa ni kile kile, lakini kazi yake imekuwa nyingine kabisa.

Nilimkuta siku moja jioni, usiku wa kuamkia safari ya hospitali ambayo tulikuwa tunaiogopa sote wawili. Sura ilikuwa Mathayo 6. Hakungoja mwisho wa sura. Msomaji alipofika "Basi msisumbukie ya kesho, kwa kuwa kesho itajisumbukia yenyewe", akabonyeza plasta, sauti ikakatika, akakaa mikono mapajani. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mtu aliyeketi upande wa pili wa meza: "Haya Bwana. Na daktari wa kesho ni wako pia. Mimi nitakuja tu." Akanyamaza tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya maji, na nilirudi jikoni polepole, kwa sababu niliona wazi kwamba mazungumzo yale hayakuwa yangu.

Faida ya pili sikuitarajia. Mtu anapojisomea mwenyewe huchagua, na mama kwa miaka mingi alichagua Zaburi, Yohana na nyaraka chache. Kifaa hiki hakichagui. Kimempitisha katika Walawi na Hesabu, na katika zile sura tisa za kwanza za Mambo ya Nyakati cha Kwanza ambazo karibu zote ni majina. Nilitaka kuziruka, akanikataza. Kisha akafika Ayubu. Kama wengi wetu, alimjua Ayubu wa mahubiri, mtu mvumilivu asemaye BWANA alitoa na BWANA ametwaa, na huyo yumo katika sura mbili za mwanzo. Kuanzia sura ya tatu alimsikia mwingine, anayeilaani siku aliyozaliwa, anayemdai Mungu majibu, anayekataa faraja za rafiki zake, sura baada ya sura, hadi mwishoni Mungu mwenyewe anasema kwamba ni Ayubu aliyenena sawasawa kumhusu, wala si wale rafiki. Mama aliisimamisha redio akaniita. "Kumbe aligombana naye," akaniambia, "na Mungu hakumfukuza." Tangu wakati huo namsikia akiomba juu ya macho yake kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia. Zamani alikuwa akishukuru tu, kama alivyofundishwa. Sasa anashukuru na kuuliza.

Kuna msomaji atakayesema kwamba simu inatosha, na kwa sehemu ana haki. Programu ya YouVersion, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2008, ina tafsiri kadhaa za Kiswahili, inatafuta mstari kwa sekunde moja, na mimi mwenyewe ninaitumia nikiwa safarini na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini katika simu hiyo hiyo mna ujumbe wa kikundi cha harusi, habari za mpira, na watu wanaonidai. Ninapoifungua Biblia humo, ninakuwa nimeketi na Bwana sebuleni huku mlango wa mbele ukiwa wazi na kila apitaye akibisha hodi. Kifaa hiki hakibishiwi hodi na mtu. Nikiwa kwa mama ninaiacha simu chumbani, ninakaa naye, tunasikiliza sura moja pamoja, na nimegundua kwamba kimya chetu cha baada ya sura ni kigumu kwangu kuliko kwake. Dakika ya kwanza nawaza kazi. Dakika ya pili nawaza mafuta ya gari. Mara nyingi ni dakika ya tatu au ya nne ndipo neno moja la ile sura linapobaki peke yake, nami nina la kumwambia Mungu. Sikuwahi kufika dakika ya nne nikiwa na simu mkononi.

Wengine wana shaka kwamba kusikia ni jambo dogo kuliko kusoma, kana kwamba ni njia ya wasiojua kusoma. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba "imani, chanzo chake ni kusikia", na Ufunuo unaanza kwa kumwita heri asomaye pamoja na wao wayasikiao, maana kanisani alikuwapo msomaji mmoja na wasikilizaji wengi. Filipo alijua kwamba yule towashi wa Kushi anasoma nabii Isaya kwa sababu alimsikia akisoma. Kwa karne nyingi waumini wengi hawakuwa na Biblia nyumbani, na walimjua Mungu kwa masikio.

Sisi ni Wamoravian, na desturi ya andiko la siku, iliyoanza kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, tumekua nayo. Kwa hiyo kila asubuhi anayekuwapo nyumbani humsomea mama andiko la siku kwanza, kisha redio inaendelea na mfuatano wake. Yeye analibeba andiko lile mpaka jioni, akilirudia anapopepeta na anapokaa kibarazani, na watu wanaokuja kumsalimu huondoka nalo wakipenda wasipende.

Kuhusu umeme, betri iliyojaa inatusomea siku nne kwa matumizi yetu ya sura tatu. Jua la Tukuyu si la kutegemewa kuanzia Machi hadi Mei, na hata Juni na Julai ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Siku za namna hiyo paneli haifanyi lolote la maana, nasi tunatumia chaja ya simu. Mtu wa Dodoma au Shinyanga labda hataigusa chaja mwaka mzima. Kilianguka sakafuni mara moja, kikaendelea kusoma.

Hakimfai mtu anayejiandaa kuhubiri au anayefanya uchambuzi, kwa kuwa hakina maelezo ya pembeni wala marejeo, na kama nilivyosema, kukifikisha kwenye mstari unaoutaka ni kazi. Kwa Mkatoliki nashauri aulize kwanza, kwa sababu hiki chetu hakina vitabu kama Tobiti na Yoshua bin Sira. Kinamfaa mzee, mgonjwa wa kitandani, asiyeona, asiyejua kusoma, na mama mwenye watoto wadogo ambaye mikono yake haipumziki. Naongeza katika orodha hiyo mtu kama mimi, mwenye macho mazima na Biblia tatu rafuni, aliyezoea kusoma upesi na kuomba upesi zaidi.

Leo mama yuko Zaburi asubuhi, na jioni ameingia Ufunuo. Mimi nimekwisha kurudi dukani kununua cha pili kwa ajili ya nyumba yangu, na safari hii nilijua la kufanya, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akiwashe mbele yako na akifikishe Zaburi ya 23, usikilize kama tafsiri ni ile unayoijua na kama sauti ya msomaji ni ya mtu unayeweza kukaa naye mwaka mzima. Kisha mwambie akizime katikati ya zaburi na kukiwasha tena, uone kinaanzia wapi. Mwisho fumba macho, ukitafute kitufe cha kusimamisha kwa kidole. Kama hukipati, nunua na plasta.