Kisanduku cha nge wa vitabu: nilichopata kwa euro 65

Babu yangu kule Sikonge, Tanzania, alitundika mizinga ya magome kwenye miombo, na maadui zake walikuwa siafu na nyegere. Utitiri wa varoa, kijidudu kinachowanyonya nyuki, hakuujua. Kenya na Tanzania ulikuja kugunduliwa mwaka 2009, na nyuki wetu wanaustahimili bila dawa. Huku Ujerumani, ninakofuga makundi manne nje kidogo ya Kassel, mambo ni tofauti. Uliingia mwaka 1977, na kundi lisilotibiwa mara nyingi halivuki miaka mitatu. Kila kiangazi navaa glavu na barakoa, naweka asidi ya fomiki ya kuua varoa, na asubuhi yake nakuta nyuki wamelala wafu mlangoni. Inaniuma. Nilipoona nge wa vitabu, viumbe wadogo wanaosemekana kula varoa, wanauzwa, nikalipa siku hiyohiyo.

Mnyama huyu ana milimita tatu au nne tu. Hana mkia wala mwiba. Sumu yake imo kwenye magando. Anakaa maghalani, kwenye vitabu vikuukuu, na mizingani pia: Max Beier, mtaalamu wa viumbe hawa kutoka Vienna, aliandika habari zake na nyuki mwaka 1951, kabla varoa haijafika huku.

Kisanduku kina nge 30, kichupa cha chawa wa vitabu kama chakula, na karatasi moja ya maelekezo. Hapo ndipo lawama yangu. Wote 30 walisafirishwa pamoja kwenye kopo tupu, bila hata kipande cha gome cha kujificha, na nge hawa wakibanana hulana. Nilihesabu wazima 22. Nilimlalamikia muuzaji, akajibu baada ya siku mbili na kuniletea kumi bila malipo, safari hii wakiwa na maganda ya mti. Namshukuru, lakini karatasi ile bado haisemi neno juu ya kuwatenganisha.

Kuwafuga wenyewe ni raha niliyokuwa siitegemei. Nilichukua boksi la plastiki, nikalijaza maganda makavu ya msonobari na makapi ya ngano, kona moja nikaiacha na unyevu kidogo. Wanangu wawili waligombania kioo cha kukuzia. Tulimwona jike akijifumia kijumba cha hariri, mayai ameyabeba chini ya tumbo, akatulia humo wiki kadhaa bila kutoka. Siku nyingine niliwawekea varoa watatu kwenye kisahani. Nge mmoja alinyoosha gando, akamnasa wa kwanza, akamfyonza mpaka likabaki ganda jekundu. Wa pili pia. Niliita nyumba nzima waje waone.

Lakini mzinga si kisahani. Mwezi wa tano niliwaweka 20 kwenye mzinga mmoja, na mzinga wa jirani yake nikauacha bila nge. Mwezi wa saba nikahesabu varoa walioanguka kwenye trei chini ya mizinga: wenye nge, 14 kwa siku, usio na nge, 15. Huku kwetu mwezi huo ukizidi kumi inabidi utibu, nami nikatibu yote miwili. Kabla ya hapo nilifungua nikawatafuta nge kwa tochi. Niliwaona wanne.

Sababu naziona. Varoa huzaliana ndani ya vyumba vya majana (watoto wa nyuki) vilivyozibwa kwa nta, mahali ambapo nge hafiki. Na mzinga wa kisasa una mbao zilizopigwa randa, hauna ufa wa kujibanza. Kila mwanya nyuki wanauziba kwa gundi yao. Mzinga wa gome wa babu ungewafaa zaidi.

Kwa hiyo ukitaka kufuga na kuwajifunza viumbe hawa, nunua, ila mwandikie muuzaji kwanza awafungashe na maganda. Kama kundi lako linaumwa sasa hivi, pesa hiyo nunulia asidi.

Watoto wa nge waliokua ni 17. Mzee jirani yangu ana mzinga wa gogo ambao haweki asidi ndani yake kabisa, na chini yake tumeongeza droo ya makapi na maganda ya mti. Tumewahamishia humo wiki iliyopita, na mwezi wa nne tutaivuta tuhesabu.