Kozi ya jioni ya Business Central, mfumo wa uhasibu wa Microsoft, mjini Nairobi: mwalimu tano kwa tano, ofisi moja kwa tano

Jina la chuo sitalitaja. Kiko katikati ya jiji, ghorofa ya juu, lifti ya kubahatisha, na vyuo vya namna hiyo vimejaa mjini, bei zikikaribiana, kwa hivyo nitakayosema yatakufaa hata ukiingia mlango wa jirani. Mimi nililipa shilingi 45,000, nusu wakati wa kujiandikisha na nusu kabla ya kumaliza. Ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ilibidi niidai kama deni la rafiki. Chuo kinachofundisha mfumo wa uhasibu kushindwa kutoa ankara ya KRA bila kusukumwa, jamani!

Ninaandika kama mhasibu. Nina CPA ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, na nilikuwa miaka kadhaa kwa msambazaji wa vifaa vya ujenzi huko Industrial Area, mshahara 65,000 kabla ya makato, vitabu nusu kwenye mfumo wa zamani na nusu kwenye Excel. Nilichotaka ni kuhamia kwa wale wanaosimika mifumo kwenye kampuni za watu, maana nimewaona wakija kwetu na laputopu zao, wakituuliza maswali tunayoyajua wenyewe, kisha wakitulipisha kwa siku.

Niliichagua Business Central kwa sababu ya Nairobi yenyewe. Fungua matangazo ya kazi ya Sacco, mashirika yasiyo ya kiserikali na taasisi za umma, utaona bado wanaandika "Navision" kana kwamba mwaka ni 2005. Ni ukoo ule ule. Navision ilizaliwa Denmark, Microsoft ikainunua mwaka 2002, na tangu 2018 inauzwa kwa jina la Business Central. Sacco iliyoanza na Navision haihami kirahisi, ina miaka ya akaunti za wanachama humo ndani. Kwa hivyo kuna kazi ya kusimika, kazi ya kuhamisha data kutoka matoleo ya zamani, na kazi isiyoisha ya kupigiwa simu saa mbili usiku kwa sababu hesabu za mwezi zimekataa kufungwa.

Darasa lenyewe sasa. Kompyuta zilikuwa nzito na intaneti ilikatika mvua ikinyesha, hayo niyapite. Wiki za mwanzo tulifundishwa na kijana mmoja mpole aliyefuata kitini ukurasa kwa ukurasa. Tulitumia CRONUS, ile kampuni ya mfano ambayo Microsoft huiweka ndani ya mfumo. CRONUS inauza samani za ofisi: meza inaitwa ATHENS, kiti cha wageni PARIS, taa AMSTERDAM. Tuliuza meza za ATHENS hadi tukachoka. Bonyeza hapa, jaza pale, tuma ankara, chapisha. Haya yote yako bure kwenye Microsoft Learn, na yamepangwa vizuri kuliko kitini chetu. Kama chuo kingeishia hapo ningeandika mistari miwili tu: usiende, kaa nyumbani na kifurushi cha data.

Kisha wakatuletea mwalimu wa pili. Mzee wa makamo, sweta ya kijivu, amewahi kuwa mhasibu wa Sacco kabla ya kugeukia usimikaji. Tulimwita Mwalimu, naye alituita waheshimiwa, hata tulipokosea hesabu za darasa la saba. Siku yake ya kwanza aliifunga CRONUS na kuandika ubaoni: ada ya ushauri 100,000, VAT asilimia 16, jumla 116,000. Mteja ni wakala wa KRA wa kuzuia kodi, yaani anakata sehemu ya malipo yako na kuipeleka KRA mwenyewe. Anazuia asilimia 2 ya ada kwa ajili ya VAT, yaani 2,000, na asilimia 5 ya ada kwa ajili ya kodi ya mapato, yaani 5,000. Benki zinaingia 109,000. "Waheshimiwa, zile 7,000 ziko wapi kwenye leja?"

Kimya. Nusu ya darasa ni wahasibu.

Jioni ile nzima tulijenga jibu ndani ya mfumo: akaunti ya VAT iliyozuiwa, akaunti ya kodi ya mapato iliyozuiwa, makundi ya VAT yanayoamua ankara iangukie wapi, na namna ya kumwondolea mteja deni la 116,000 wakati pesa iliyoingia ni 109,000. Halafu akatuonyesha kinachotokea mtu wa mauzo akimweka mteja kwenye kundi lisilo sahihi na hakuna anayegundua hadi siku ya kuwasilisha ripoti ya VAT. Hilo huwezi kulipata kwa CRONUS. Linatoka kwa mtu aliyewahi kulala ofisini tarehe 19, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mwisho ya KRA.

Alifanya vivyo hivyo na mishahara. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 uliingia Julai 2023, mahakama ikausimamisha, ukarudi Machi 2024 kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya zamani, ikaondoka pamoja na kikomo chake cha 1,700, ikaja SHIF, bima mpya ya asilimia 2.75 isiyo na kikomo. Desemba mwaka huo huo makato hayo mawili yakaanza kuondolewa kabla ya PAYE, kodi ya mshahara, kukokotolewa. Kila badiliko, mtu fulani alilazimika kuingia kwenye mfumo wa kila mwajiri na kupanga upya hesabu. Mwalimu alisema serikali ndiyo idara yetu ya mauzo. Na eTIMS ndiyo iliyofunga kazi: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi, basi kila aliyekuwa na mfumo akatafuta mtu wa kuuunganisha na KRA.

Huyo mwalimu nampa tano kwa tano, na ningelipa 45,000 kwa vipindi vyake peke yake.

Ofisi ya chuo ni habari nyingine. Bango linasema "ada ya mtihani imejumuishwa." Mtihani uliojumuishwa ni wa chuo chenyewe, karatasi ya maswali na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Mtihani wanaouulizia waajiri ni MB-800 wa Microsoft, unalipiwa kando na kufanywa kwa Pearson VUE, na alama ya kupita ni 700 kati ya 1,000. Nilipouliza, dada wa mapokezi aliniambia "ni kitu kimoja." Si kitu kimoja. Cha Microsoft kinahuishwa kila mwaka, bure, mtandaoni, na mwajiri anaweza kukihakiki kwa kiungo. Kile cha muhuri wa dhahabu mama yangu amekipenda, kiko sebuleni kwake.

Pia waliahidi "kuunganishwa na waajiri." Maana yake ni kundi la WhatsApp ambako mtu anabandika matangazo ya BrighterMonday na Fuzu ambayo yameshapita tarehe. Moja kwa tano, na hiyo moja ni ya chai.

Kuhusu pesa, maana najua ndicho mnachosubiri. Nimepata kazi kwa kampuni moja inayosimika Business Central, Westlands, msaidizi wa mshauri, 110,000 kabla ya makato. Kwenye hizo, SHIF inakula 3,025 na ushuru wa nyumba 1,650, kabla hujafika kwa NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE, kwa hivyo ukitajiwa mshahara uliza kama ni kabla au baada. Wenzangu wa darasa waliokuwa na ujuzi wa kompyuta tu, bila uhasibu, wameitwa kwa ngazi ya dawati la msaada na kiwango cha chini. Mmoja, ambaye ni msimbaji, alitamani Odoo, mfumo mwingine wa biashara, kwa kuwa inaandikwa kwa lugha ya Python, na ameshapata biashara ndogo mbili tatu zinazomlipa kwa mkataba. Kipato chake kinapanda na kushuka, ila hana bosi.

Kwenye usaili wangu cheti kiliangaliwa dakika moja. Kisha mkuu wa idara akanisogezea karatasi: mteja anazuia VAT na kodi ya mapato, nionyeshe miamala. Nilitabasamu ndani kwa ndani nikaanza kuandika. Aliniuliza pia kuhusu Copilot, akili bandia ya Microsoft, ambayo sasa inapendekeza yenyewe miamala ya benki ioanishwe na ipi kwenye leja. Nilimwambia itapunguza watu wa kuingiza data, lakini pendekezo lake bado linahitaji mtu wa kusema hapana. Naamini hivyo, na hata kwetu ofisini nafasi mpya ni za washauri, si za kuchapa.

Unayefikiria kwenda: mpigie simu anayefundisha kabla hujalipa, si ofisi. Muulize amesimika wapi hapa Kenya, na kama mtajenga kodi zetu au mtauza meza za ATHENS. Uhasibu wako ukiwa dhaifu, malizana na KASNEB kwanza.

Juzi chuo kimenitumia ujumbe kuhusu kozi mpya ya SAP, mfumo wa makampuni makubwa, 120,000. Kazi za SAP zipo. Msaada wa kawaida wa ECC, toleo la zamani la SAP, unaisha mwisho wa 2027, unaoongezwa kwa malipo unafika 2030, na makampuni yanahamia S/4HANA, toleo jipya. Lakini wanaoajiriwa huko ni waliowahi kupita kwenye mradi, na hapa mlango wa kawaida ni kuajiriwa na taasisi inayotumia SAP, kama Kenya Power, kampuni ya umeme, ukajifunzia humo ndani. Masomo ya msingi SAP wenyewe wanayatoa bure mtandaoni. Nimewauliza atafundisha nani. Wamenijibu kuwa ofa inaisha Ijumaa.