Ryzen 5 5600G au Core i3-12100F?

Ubishi huu haumaliziki Kondele, Kisumu: kwa kompyuta ya gemu ya bei nafuu, uchukue prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD, yaani 5600G, au ya Intel, yaani 12100F?

Kwa gharama ya kuanzia, 5600G inashinda waziwazi. Ina grafiki (sehemu inayochora picha za skrini) ndani yake, hivyo unacheza gemu ya Valorant huku ukichanga pesa za kadi ya grafiki. Ila ipe vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda). Kimoja pekee huifanya ikokote. 12100F bila kadi? Skrini giza totoro.

Ukishapata kadi, mambo hugeuka. Intel ina viini (vitengo vya kuchakata) 4 dhidi ya 6 vya AMD, lakini kila kiini kina kasi zaidi, tena kadi huwasiliana nayo kwa PCIe 4.0, toleo la kasi zaidi la kiunganishi cha kadi. 5600G imekwama kwenye 3.0, na kwa kadi kama RX 6500 XT, yenye njia 4 tu za kupitisha data, hapo panauma.

Kwa kuboresha baadaye, ubao mama (unaobeba prosesa) wa B450, wa AMD, unaweza kupokea hadi Ryzen 7 5800X3D ukisasisha BIOS, programu ya kuwashia ubao; H610, wa Intel, hufika Core za kizazi cha 14. Hakikisha tu H610 yako ni ya DDR4 kabla ya kununua RAM ya aina hiyo.

Mwanafunzi wa Maseno asiye na kadi namwelekeza AMD. Mwenye kadi ya mtumba tayari, Intel. Vumbi la Kisumu halichagui: feni zote zisafishwe.