Canon 10–18 au Tokina 11–16?

Kwa mwenye kamera ya Canon ya kihisi kidogo cha kunasa picha, uamuzi kati ya lenzi hizi mbili za pembe pana hutegemea zaidi mwanga anaopigia picha kuliko bei. Lenzi ya Canon ya milimita 10–18, iliyotoka mwaka 2014, ina uzito wa gramu 240 tu na hutuliza mtikisiko wa mkono, hivyo ndani ya chumba chenye giza, pasipo stendi, kuta na dari huonekana wazi hata shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) ikichelewa kufunga. Lakini utulizaji huo haumgandishi mtu anayetembea. Hapo Tokina ya milimita 11–16 hushinda, kwani upenyo wake mpana wa f/2.8, unaoingiza mwanga mwingi na kuruhusu shata ifunge haraka, haupungui unapovuta picha karibu. Kwa picha za nyota ningeichagua bila kusita, ingawa uzito wake ni zaidi ya maradufu. Mchana, Canon inatosha kabisa.